Taa za ukungu kwenye barabara ya vumbi

Najua niliahidi kuandika kuhusu bandari yetu, lakini bandari itasubiri. Kwenye semina ya historia wiki hii tulikuwa na mada ya barabara ya kusini, na kama kawaida watu walisema daraja, lami, korosho, basi. Hakuna aliyesema neno juu ya taa. Mimi nikakaa nikawaza, hivi unawezaje kueleza historia ya barabara ambayo kwa miaka mingi malori yaliipita usiku, halafu usitaje kile ambacho dereva alikuwa anaonea? Basi leo nazungumzia taa za ukungu, au foglaiti kama wanavyoziita mafundi umeme wa magari. Msicheke.

Najua mtauliza, Mtwara kuna ukungu gani? Huku chini Ufukoni, Shangani, Mikindani mpaka Msimbati kwenye mlango wa Ruvuma, kwa kweli haupo wa kutisha. Ila panda uwanda wa Makonde, fika Newala ambako ni zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Juni au Julai simama pale Shimo la Mungu utazame bondeni. Utaona pamba tu. Wenzetu wa Newala na Tandahimba ukungu wanaujua, sisi wa pwani ndio tunaringa.

Tuanze mbali kidogo. Magari ya kwanza hayakuwa na taa za umeme. Yalitumia mafuta, kisha gesi ya kabaidi, ileile ya mafundi wa kuchomelea. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ikatoka na umeme wa kuwashia injini pamoja na taa, na wengine wakafuata. Tangu hapo shida ikageuka: badala ya giza, mwanga ukawa mwingi kuliko macho ya mwenzako anayekuja mbele. Na kwenye ukungu shida ikawa kubwa zaidi, maana ukungu ni matone madogo ya maji yaliyoning'inia hewani, na kila tone linakurudishia mwanga wako mwenyewe. Ukipiga ful kwenye ukungu unajijengea ukuta mweupe mbele ya kioo.

Dawa iliyopatikana haikuwa taa kali zaidi, na hapa ndipo wengi wanapotea. Dawa ilikuwa taa ya chini, yenye mwanga mpana lakini mfupi, uliokatwa juu kama kwa kisu. Inawekwa karibu na ardhi ili mwanga upite chini ya mstari wa macho ya dereva, umwonyeshe ukingo wa barabara na mita chache za mbele. Basi. Kanuni za kimataifa zinazofuatwa na watengenezaji wengi zinasema kwa gari dogo isiwe chini ya sentimita 25 wala juu ya sentimita 80 kutoka ardhini. Kwa hiyo ile ya kufunga foglaiti juu ya paa la Hilux ni kichekesho, kwa sababu umeiweka mahali ambapo kila tone litarudisha mwanga machoni pako.

Na ile ya rangi ya njano? Hapa nilibishana na mtu nusu saa kantini. Wafaransa waliamua mwaka 1936 kuwa magari yao yawe na taa za mbele za njano, na wakakaa hivyo mpaka 1993. Kutokana na hilo watu wengi duniani wakaamini njano "inatoboa" ukungu. Haitoboi. Matone ya ukungu ni makubwa mno ukilinganisha na mawimbi ya mwanga, hivyo yanatawanya njano, nyeupe na bluu karibu sawasawa. Njano inaweza kuwa tulivu zaidi kwa macho ya baadhi ya watu, hilo nakubali. Lakini kinachofanya kazi ni umbo la mwanga na mahali taa ilipo. Rangi ni mapambo.

Sasa turudi kwetu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri barabarani unataja wakati wa kuwasha taa za ukungu za mbele: ukungu, theluji inayoanguka, mvua kubwa, au hali nyingine zinazofanana na hizo. Hayo maneno ya mwisho nayapenda sana. Waliokaa Vienna sidhani kama walikuwa wanaiwaza Somanga, lakini vumbi la kusini linaingia humo moja kwa moja.

Kwa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza waliokuta lami: kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, lile la mita 970 juu ya Rufiji, watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu. Mvua ikikolea, safari ilikuwa kudra za Mungu. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60 hivi, ndicho kilichogoma, lami yake ilikuja kukamilika katikati ya miaka ya 2010. Kiangazi hapo lilikuwa vumbi jekundu linaloganda hewani nyuma ya kila lori.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori njia hiyo miaka ya tisini (na kwetu Wamakonde mjomba akisema, umesikia). Nilimpigia juzi nikamuuliza walikuwa wanaonaje. Akaniambia, "Mpwa wangu, taa ya juu inaangaza vumbi, taa ya chini inaangaza barabara." Alikuwa na mbili zimefungwa chini ya bampa, anaziwasha akikuta lori mbele, anashusha mwendo, na vumbi likikatika anazima. Akasema aliyekuwa anaziacha zinawaka usiku mzima alionekana mshamba. Hakuwahi kusikia habari ya Vienna, lakini angalia alivyoifuata.

Kuna historia nyingine ya taa hapa Afrika Mashariki ambayo naona ilituharibia akili kidogo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, enzi hizo ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yale, kama Datsun 240Z iliyoshinda 1971 na 1973, yalibeba taa za ziada mbele. Yalipendeza mno. Ila nyingi ya zile zilikuwa spotilaiti za kuona mbali kwa mtu anayekimbia porini, si taa za ukungu. Nadhani hapo ndipo kwenye vichwa vya vijana taa ya ziada ikawa alama ya ubabe, na tofauti ya kazi zake ikasahaulika.

Kisha zikaja globu mpya. Halojeni ziliingia kwenye magari ya Ulaya miaka ya 1960, xenoni zikaanza na BMW mwaka 1991, na LED kwa taa kubwa za mbele ikaja na Lexus mwaka 2007. Leo kijana ananunua LED dukani, anachomoa halojeni kwenye foglaiti ya gari lililotoka Japani, anachomeka. Tatizo ni kwamba kile kikombe cha ndani kinachorudisha mwanga kilipimwa kwa ule waya mwembamba wa halojeni, uwe mahali pake palepale. LED ikikaa tofauti hata kidogo, ule mkato wa juu unakufa na mwanga unapanda. Taa iliyobuniwa isimulike juu ndiyo sasa inamulika macho ya bodaboda.

Wengine wanaweka globu za wati 100 kwenye waya uleule wa wati 55. Fanya hesabu ya fomu two: wati 55 kwa volti 12 ni kama ampia 4.6, mbili ni 9 na kitu. Zikiwa wati 100 kila moja unakaribia ampia 17. Waya unachemka, plastiki inayeyuka, na gari linaweza kuwaka. Fundi makini anavuta waya mnene kutoka kwenye betri, anaweka fyuzi karibu na betri, anapitisha kwenye rilei, swichi ya ndani inabaki kuamrisha tu. Na umeme safi hivyo bado haukupi ruhusa ya kupofusha watu.

Kwa nini nakazania? Kwa sababu usiku wa barabara yetu umebadilika. Mabasi yalizuiwa kusafiri usiku tangu miaka ya tisini, na mwaka 2023 serikali, Waziri Mkuu akiwa Kassim Majaliwa wa Ruangwa, mtu wetu wa kusini, ikayaruhusu tena. Tangu 2015 kuna malori ya saruji ya Dangote, msimu ukifika kuna ya korosho yakishuka bandarini, na katikati yao kuna baiskeli isiyo na taa imebeba mkaa. Vumbi limeondoka, mwendo umepanda, na taa za ukungu zinawaka usiku mkavu wenye nyota. Mwezi uliopita nilikuwa siti ya mbele, basi la usiku, gari dogo likatujia na LED zake za chini. Kwa sekunde kadhaa dereva wetu na mimi tulikuwa vipofu, na abiria wa nyuma wamelala.

Mwenye gari, au anayemjua mwenye gari: usiku simamisha kwenye sehemu tambarare, mita kama saba kutoka ukutani, washa foglaiti peke yake. Weka chaki pale ukingo wa juu wa mwanga ulipoishia. Ukiwa juu kuliko taa yenyewe ilipofungwa, shusha. Ukikosa ukingo kabisa, ukaona mwanga umetapakaa tu mpaka dirishani kwa jirani, rudisha globu ya zamani.

Bandari wiki ijayo, testi zikiisha.