Kabla ya Kuitupa Pakiti ya Vidonge, Sikiza Stori ya Bombay

Wasee, wacha niwape stori ya nyumbani kwanza.

Mwaka jana sistangu mkubwa alirudi kutoka kliniki na pakiti ya vidonge. Mimba ya miezi minne, nesi amemwambia damu iko chini. Akameza siku tatu, siku ya nne akaona choo kimekuwa cheusi, akashtuka, pakiti ikaingia kwenye droo. Mathe akaleta juisi ya bitiruti, eti nyekundu huongeza nyekundu. Jirani akasema ni macho ya watu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mtu aliniuliza kitu. Nikachukua simu, nikaanza kutafuta hivyo vidonge vilitoka wapi.

Vilitoka mbali. Turudi 1928, India.

Kwa viwanda vya nguo vya Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, wanawake wajawazito walikuwa wanaishiwa damu vibaya. Wanapauka, pumzi inakata, wengine wanakufa kabla ya kujifungua ama baadaye kidogo. Ukiangalia damu yao kwa darubini, chembe nyekundu zilikuwa chache, halafu kubwa kuliko kawaida, kama mandazi yaliyofura bila kuiva.

Daktari Mwingereza anaitwa Lucy Wills akatumwa kuchunguza. Alizaliwa 1888, akasomea udaktari enzi ambazo mwanamke daktari alikuwa anaangaliwa mara mbili. Alianza kwa kutafuta vijidudu, hakupata vya kulaumiwa. Ndio akauliza swali rahisi: hawa wamama wanakula nini?

Hapo ndipo mambo yalifunguka. Waliokuwa wagonjwa zaidi ni maskini, wale chakula chao hakina matunda, mboga ni kidogo, nyama hawaioni. Wenye pesa hawakuwa wanaumwa hivyo. Kumbe shida haikuwa laana wala uvivu wa mama. Ilikuwa kwa sahani, na sahani ilikuwa kwa mshahara.

Sasa dawa. Tayari kule Marekani, 1926, George Minot na William Murphy walikuwa wameonyesha kwamba kula maini mengi kila siku kunaokoa watu wenye aina nyingine ya upungufu wa damu iliyokuwa inaua. Hiyo kazi iliwapa Nobel 1934. Lakini niambie, mfanyakazi wa kiwanda atatoa wapi pesa ya maini kila siku?

Wills akaendelea kupima vyakula kwa panya, halafu kwa tumbili. Kitu kilichomshangaza kilikuwa cha bei ya chini kabisa: Marmite, ile pasta nyeusi yenye chumvi ya kupaka mkate. Inatengenezwa kwa hamira inayobaki baada ya kupika bia. Mabaki, wasee! Aliwapa wagonjwa, damu ikaanza kurudi. 1931 akachapisha matokeo kwa jarida la madaktari la Uingereza. Hakuna mtu alijua ndani kuna nini haswa, kwa hivyo wakakiita tu kitu cha Wills.

Ilichukua miaka kumi kukipa jina. 1941 watafiti wa Texas walikitoa kwa majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki, kutoka neno la Kilatini la jani. Kufikia 1945 kilikuwa kinatengenezwa maabarani Marekani, na mmoja wa walioongoza kazi hiyo alikuwa Mhindi, Yellapragada Subbarow.

Kwa nini kina maana? Uboho wa mifupa yako hutengeneza chembe nyekundu kama milioni mbili kila sekunde. Bila foleti chembe zinakua lakini zinashindwa kugawanyika, ndio maana zile za Bombay zilikuwa kubwa na chache. Foleti peke yake pia haitoshi, lazima kuwe na madini ya chuma ya kubeba hewa, na vitamini B12.

1991 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ukaongeza jambo lingine: foleti kabla ya mimba hupunguza sana watoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Huo uti hufunga ndani ya siku 28 za kwanza, wakati wengi hata hawajajua wana mimba. Kwa hivyo msichana usiseme hii haikuhusu.

Kidonge cha kliniki hapa Kenya kina chuma miligramu 60 na asidi ya foliki maikrogramu 400. Choo cheusi ni chuma tu, si sumu. Tangu 2012 sheria pia inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe chuma na foleti. Angalia pakiti ya unga nyumbani.

Na ile githeri mnaichekelea? Maharagwe yamejaa foleti. Ndengu pia, managu pia, sukuma pia, bora usiichemshe mpaka iwe matope na kumwaga supu. Chungwa baada ya kula husaidia chuma kuingia. Chai pamoja na chakula huzuia, ingoje kidogo.

Lakini kama unahisi kizunguzungu kila siku, enda upimwe. Malaria, minyoo, hedhi nzito na selimundu pia hushusha damu, na kila moja ina dawa yake.

Nilimsomea sistangu hii stori tukiwa jikoni. Hakusema kitu. Usiku nikasikia droo ikifunguliwa. Siku hizi ana mtoto wa kike mwenye kelele nyingi, na mathe bado anasema ni bitiruti.

Tumwache. Lakini mkiona mama amepauka, kabla ya kumtafutia mchawi, muulizeni swali la Lucy Wills: umekula nini? Halafu muulize la pili, ambalo ni gumu zaidi: kulikuwa na pesa ya kununua nini?