Kura Kabla ya Macho: Haki katika Kupanga Daraja za Bidhaa Mpya Mtandaoni, kwa Mtazamo wa Nakivale na Mbarara

Utangulizi

Tovuti za kuzindulia bidhaa zina utaratibu ambao kwa kuutazama haraka hauna dosari: kila mbunifu aanike kazi yake, watu wapige kura, mwenye kura nyingi akae juu. Product Hunt, iliyoanzishwa na Ryan Hoover mwaka 2013, ndiyo iliyoueneza mtindo huu, na kushika nafasi za juu kwa siku moja tu kunaweza kumpatia mbunifu wateja, waandishi wa habari na wawekezaji. Makala hii inaupima utaratibu huo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na jiji jirani la Mbarara. Inadai kwamba kura za bidhaa mbili hazilinganishiki mpaka fursa zao za kuonekana zilinganishwe kwanza, na kwamba kasoro hii inarekebishika kwa kanuni chache zinazojulikana.

Nakivale ni mahali pafaapo kwa kipimo hiki. Makazi haya yalianza mwaka 1958 kwa kuwapokea Wanyarwanda, na leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na biashara. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford ulioongozwa na Alexander Betts na kuchapishwa mwaka 2014, ambao ulihusisha Nakivale, ulionyesha kwamba wakimbizi wamefungamana na masoko ya Uganda. Jijini Kampala, asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda. Mbarara nako, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), kilichoanzishwa mwaka 1989, kina kituo cha CAMTech Uganda, ambacho huandaa mashindano ya kubuni vifaa vya tiba. Wabunifu wapo. Swali ni kama daraja za mtandaoni zinaweza kuwaona.

Siku ya nani?

Siku ya ushindani katika Product Hunt huanza usiku wa manane kwa saa za San Francisco. Kwa aliyeko Nakivale hiyo ni saa nne asubuhi, au saa tano wakati wa majira ya baridi ya Marekani. Saa za kazi za California, ambapo mbunifu anatakiwa kuwa macho kujibu maswali ya wapiga kura, huangukia kati ya saa moja usiku na saa tisa usiku wa Uganda, au saa moja baadaye wakati huo wa baridi. Kijana wa Base Camp, mojawapo ya maeneo ya Nakivale, anayechaji simu kwenye kibanda cha umeme wa jua kinachofungwa giza likiingia, anashindana na mtu aliyekaa ofisini mchana kweupe.

Gharama nazo si sawa. Tangu Julai 2021 Uganda inatoza ushuru wa asilimia 12 kwenye bando la intaneti, ushuru uliochukua nafasi ya ile tozo ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii iliyoanza mwaka 2018. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa. Bidhaa iliyozinduliwa kutoka Uganda siku hizo ilimaliza saa zake 24 huku marafiki, wateja na hata mbunifu mwenyewe wakiwa gizani. Daraja iliyopatikana kwa namna hiyo imepima hali ya mtandao, ilhali imetangazwa kuwa kipimo cha ubora.

Tiba ya kwanza, basi, ni kuacha kupima fursa kwa saa. Kila bidhaa ipewe idadi ileile ya watazamaji, tuseme 500, na mashindano yake yaishe inapoifikia, iwe kwa siku moja au kwa wiki mbili.

Kura kwa waliotazama

Tuchukue mfano wa kubuni. Programu ya kwanza, ya kampuni ya Marekani, imeonyeshwa kwa watu 1,000 na kupata kura 100. Ya pili, ya bei za mahindi, imetengenezwa Nakivale, ikaonyeshwa kwa watu 80 na kupata kura 24. Ya tatu imeonyeshwa kwa watu 2 tu, mmoja akaipigia. Kwa hesabu ya jumla, ya kwanza inashinda kwa mbali. Kwa asilimia, ya tatu inaongoza kwa 50, ikifuatwa na ya pili kwa 30 na ya kwanza kwa 10. Hesabu ya jumla inamtuza aliyeonyeshwa sana, na ile ya asilimia inamtuza aliyebahatika kwa watu wawili.

Njia ya kati ilipatikana zamani. Edwin B. Wilson alionyesha mwaka 1927 jinsi ya kukadiria mipaka ya kiwango halisi kutokana na sampuli, na mwaka 2009 Evan Miller alipendekeza mpaka wa chini wa makadirio hayo utumike kupanga daraja mtandaoni. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, mpaka huo ni takriban asilimia 21 kwa programu ya mahindi, 9 kwa ile ya tatu na 8 kwa ile ya Marekani. Programu ya mahindi inakaa juu, na bahati ya watu wawili haitoshi tena kuongoza.

Hata hivyo kanuni ya Wilson ina upofu wake. Inamshusha yeyote mwenye watazamaji wachache, na uchache huo mara nyingi ni matokeo ya daraja ya jana. Robert Merton alieleza tabia hii miongoni mwa wanasayansi mwaka 1968: mwenye sifa huongezewa sifa. Watafiti Salganik, Dodds na Watts waliithibitisha mwaka 2006 kwa jaribio la nyimbo 48 na washiriki zaidi ya 14,000 waliogawanywa katika makundi yasiyoonana. Katika makundi yaliyoonyeshwa idadi ya waliopakua kila wimbo, nyimbo zilizovuma zilitofautiana kutoka kundi hadi kundi. Nyimbo nzuri kabisa zilianguka kwa nadra na mbaya kabisa zilipanda kwa nadra, lakini kwa zilizobaki chochote kiliwezekana. Kwa hiyo idadi ya kura ifichwe mpaka bidhaa ifikishe watazamaji wake, na mpangilio wa zilizo kwenye majaribio ubadilishwe kwa kila anayefungua ukurasa.

Simu moja, watu wengi

Ulinzi dhidi ya kura za kununua huleta dhuluma isiyotajwa sana. Mifumo mingi hushuku kura nyingi zinazotoka kwenye anwani moja ya intaneti au kifaa kimoja. Sasa mfikirie mfanyakazi wa kibanda cha simu katika maeneo ya Juru au Rubondo, humohumo Nakivale: amewasha hotspoti, vijana sita wameunganishwa kwenye bando lake, wengine wawili wanasubiri kuazima simu. Kura zao nane ni za watu wanane, lakini mashine inaona mtu mmoja mwenye tamaa. Kampuni za simu nazo huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kudai namba ya simu kwa kila mpiga kura hakusaidii sana, maana ni mwaka 2019 tu ndipo Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliporuhusu wakimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha ukimbizi au barua ya uthibitisho, na zipo familia zinazotumia laini moja.

Anwani ya pamoja iwe sababu ya kuchunguza, isiwe hukumu. Mpiga kura aliifungua bidhaa? Akaunti yake imewahi kupigia nyingine? Kura ikifutwa, mbunifu aarifiwe na apewe nafasi ya kukata rufaa kwa binadamu.

Pingamizi

Wapo watakaosema kuwa msomaji hana wajibu wa kutazama kazi duni ili wengine watendewe haki. Ni hoja ya kweli, na jibu lake ni kipimo: nafasi mbili kati ya kumi kwenye ukurasa zitengwe kwa majaribio, nane zibaki kwa zilizokwisha kupimwa. Wengine watapendekeza jopo la majaji, kama ilivyo kwenye mashindano ya ubunifu vyuoni. Jopo lina fadhila moja kubwa: kila timu hupewa dakika zilezile, na kila jaji huwaona wote. Udhaifu wake ni uchache wa majaji na ufinyu wa ladha zao. Ninachotetea ni kuchukua fadhila hiyo ya jopo na kuipa umma.

Hitimisho

MUST na vituo vya ubunifu vya kusini-magharibi mwa Uganda vina uwezo wa kujenga ubao wao wa uzinduzi kwa kanuni hizi: watazamaji sawa badala ya saa sawa, mpaka wa chini badala ya jumla, kura zilizofichwa wakati wa majaribio, na rufaa kwa kila kura iliyofutwa. Vianze na lililo rahisi zaidi, ambalo tovuti kubwa pia hazina udhuru wa kulikwepa: kando ya kura za kila bidhaa, iandikwe idadi ya watu walioonyeshwa. Tovuti isiyotaja idadi hiyo haina msingi wa kumtangaza mshindi.