"Kwa hiyo" inapodanganya

Neno mantiki tumelipata kwa Waarabu, katika mzizi wenye maana ya kutamka. Katika maswali ya kupima mantiki, hata hivyo, tamko la kuchunguzwa kwanza ni dogo zaidi: kwa hiyo.

Chukua mfano huu. Silikanti wote ni samaki. Mvuvi wa Kigombe, Tanga, amevua samaki. Kwa hiyo amevua silikanti. Sentensi mbili za kwanza hazina ila, lakini hitimisho halisimami. Changu naye ni samaki, tasi naye ni samaki, na pengine hao ndio waliojaa tenga.

Kosa la pili ni gumu kulinasa, na wataalamu wenyewe liliwanasa. Mabaki ya silikanti yaliyogeuka mawe yalikomea zama za dinosau, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Hajaonekana tena, kwa hiyo hayupo: ndivyo walivyohitimisha. Desemba 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, mzima kabisa. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na huko wavuvi walikuwa na jina lake siku zote, gombesa. Kutoonekana na kutokuwepo ni mambo mawili, na hiyo "kwa hiyo" iliyaunganisha bila ushahidi.

Wala si Komoro tu: tangu miaka ya mwanzo ya 2000 silikanti wamekuwa wakinaswa katika nyavu za wavuvi wa Tanga. Mwaka 2009 pwani hiyo ikapewa hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo.