Waraka wa Matarajio

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili cha biashara tangu Tanzania ilipofungua soko lake la hisa, ni chache zinazostahili kufafanuliwa kwa utuo kama "waraka wa matarajio". Kwani waraka huo ndio unaowakutanisha mtu mwenye akiba na kampuni yenye haja ya mtaji, ilhali wawili hao aghalabu hawajapata kuonana, wala yamkini hawataonana maisha yao yote.

Waraka wa matarajio ni kitabu ambacho kampuni inayokusudia kuuza hisa au hatifungani zake kwa umma hulazimika kukitoa kabla ya kupokea hata shilingi moja. Ndani yake hueleza ni mali ya nani na inaongozwa na nani. Imepata faida au hasara gani katika miaka iliyopita, kwa mujibu wa hesabu zilizokaguliwa. Inadaiwa na nani. Fedha inazoziomba itazitumia kwa jambo gani. Hisa moja ni kwa bei gani, na mauzo yatafunguliwa na kufungwa lini. Na, juu ya yote hayo, ni hatari zipi zinazoweza kumfika anayenunua. Katika Tanzania waraka huo hautolewi bila idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1994. Walakini idhini hiyo maana yake ni kwamba yaliyopasa kusemwa yamesemwa. Si ahadi kwamba faida itapatikana.

Jina lenyewe limefasiriwa kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutazama mbele, na wafasiri wetu walichagua "matarajio", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo ndani yake mna tumaini. Ufasiri huo si wa makosa, na kwa kuwa soko na sheria vimekwisha kuuzoea hatuna sababu ya kuuondoa. Lakini msomaji akiliandama neno peke yake atadhani kwamba amepewa kitabu cha mema yajayo, hali kazi kubwa ya kitabu hicho ni kumwonyesha yaliyopo na yaliyopita, mazuri na mabaya, ili atumaini akiwa na hoja. Kama ingalikuwa juu yangu kulieleza jina hilo kwa neno moja la pili, ningaliliweka kando yake neno "bayana".

Haja ya bayana hiyo inaonekana wazi kwa mtu anayezijua habari za mwambao wa Ziwa Tanganyika, maana hapa mali ya mtu aliye mbali imekuwa ikifanyiwa kazi tangu zamani. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na kutoka hapo watu wakavuka Ziwa kwenda Manyema. Nguo, shanga na nyaya za shaba walizozichukua hazikuwa zao wenyewe mara nyingi. Walikopeshwa na matajiri wa Unguja, kama Taria Topan alivyomkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu, pengine baada ya miaka. Tajiri aliyekaa Unguja hakuwa na hesabu zilizokaguliwa za kutazama. Alichokuwa nacho ni itibari ya mtu, yaani jamaa zake, safari zake zilizotangulia na sifa yake barazani. Asiyejulikana hakukopeshwa, hata kama alikuwa na akili na bidii kuliko wote. Tena mtaji ule uliletea faida watu waliokuwa mbali na damu iliyomwagika kwa ajili yake, kwa kuwa pembe na watumwa viliandamana katika njia ile ile. Na hapana karatasi iliyomlazimisha mwenye fedha kujua faida yake imepatikana vipi.

Reli ya Kati ilileta namna nyingine. Mwaka 1904 iliundwa Ujerumani kampuni ya reli ya Afrika Mashariki, Deutsche Bank ikiwa mbele katika shauri hilo, ili kuanza njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro; na sehemu zilizofuata, mpaka njia ilipofika Kigoma mwaka 1914, zilitegemea sana fedha zilizokopwa kwa nguvu ya dola. Wenye kutoa fedha Berlin hawakuwa wamewahi kuliona Ziwa, wala hawakuhitaji kuliona, maadamu serikali yao iliwadhaminia pato lao. Hapo itibari ya mtu ilibadilishwa kwa dhamana ya dola. Lakini watu wa nchi iliyopitiwa na reli, ambao ndio waliobeba kazi na kodi, hawakuulizwa wala hawakuelezwa.

Tofauti na hayo yote ni desturi ya wavuvi wa Kibirizi na Katonga. Mwenye mitumbwi, nyavu na taa hushirikiana na mabaharia wake. Dagaa wakiisha kuuzwa, gharama za mafuta na chakula hutolewa kwanza, na kinachobaki hugawanywa kwa mafungu. Usiku wa neema wote hupata, na usiku wa mikono mitupu wote hukosa. Hiyo ndiyo hisa kwa maana yake ya asili, yaani fungu, nayo haihitaji waraka wowote, kwa sababu kila mwenye fungu ameyaona mavuno kwa macho yake. Waraka wa matarajio huanza kuhitajika pale ambapo wenye mafungu wamekuwa maelfu, wametawanyika katika mikoa, na hapana hata mmoja anayeweza kusimama ufukweni asubuhi akahesabu.

Ndivyo ilivyokuwa tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililosajiliwa mwaka 1996, lilipoanza biashara mwezi Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL. Baadaye hisa za benki za NMB, mwaka 2008, na CRDB, mwaka 2009, zikauzwa kwa wananchi wa kawaida; na CRDB hiyo mwaka 2012 ikafungua benki Burundi, hata fungu la mwalimu wa Kasulu likawa linafanya kazi Bujumbura, ncha ya kaskazini ya Ziwa lile lile. Mwaka 2013 soko likafungua dirisha la kampuni changa, ambazo hazina historia ndefu ya faida. Na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ikakopa kwa umma kwa hatifungani ya miaka 10, kiasi cha shilingi bilioni 53.12, ili kupanua huduma ya maji. Jambo hilo la Tanga ni somo kwa kila mji wa pwani na wa ziwani, Kigoma ukiwemo.

Kwani Kigoma una kazi zinazohitaji mtaji wenye subira. Mchikichi, hata wa mbegu bora zinazozalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, hauzai kabla ya miaka kama mitatu. Mtu akiupanda kwa mkopo unaodai rejesho mwezi ujao, deni litakomaa kabla ya mti. Mwenye hisa ndiye awezaye kungoja, kwa kuwa amekubali kugawana faida na hasara pamoja na mpandaji. Lakini subira haiombwi kwa mtu aliyefichwa jambo. Kampuni ya mawese inayotaka akiba za watu haina budi kuwaeleza ardhi ni ya nani, miti ina umri gani, kiwanda kitagharimu kiasi gani, na bei ya mafuta ikishuka itakuwaje.

Basi haifai waraka wa matarajio ukawa na Kiswahili cha matangazo tu, huku hatari na hesabu zikibaki katika lugha ya mawakili. Kitabu chote, na hasa sura ya hatari, kiandikwe kwa lugha ambayo muuza mawese wa soko la Mwanga ataisoma mwenyewe na kuuliza swali. Kwa maana aliyetia fedha zake asipojua kilichoandikwa, amerudi katika hali ya kuamini sifa ya mtu, na sheria yote ya mwaka 1994 haijamfaa kitu.