Kuhesabiwa kwa Wanafunzi wa Kiingereza Mwanza na Kandokando ya Ziwa Viktoria

Mtu atakaye kujua ni watoto wangapi waliokuwa wakijifunza Kiingereza katika Jimbo la Ziwa wakati wa utawala wa Waingereza hataipata hesabu hiyo mahali pamoja. Atazikuta hesabu za shule, za walimu wenye vyeti, za wavulana na wasichana, za shule za serikali na za misheni, na juu ya yote hesabu za Waafrika, Wahindi na Wazungu, kila taifa katika ukurasa wake. Lugha ya mtoto haikupewa safu. Kiingereza chake yapasa kikisiwe kutokana na darasa alilokalia na shule iliyompokea, nacho Kisukuma chake, au Kikerewe, au Kijita, kikisiwe kutokana na jina la kijiji. Upungufu huu waonekana kuwa ni jambo dogo la ukarani, lakini matokeo yake yangali yakiendelea.

Kabla ya Waingereza swali lenyewe halikuwapo. Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka wa 1883, na miaka michache baadaye wamishonari wa Kiingereza wa C.M.S. wakajenga Nassa, kituo ambacho mwaka wa 1909 kilipita mikononi mwa Africa Inland Mission. Hao wote walitaka kwanza kusikika, na kwa hiyo walishika lugha za wenyeji. Wajerumani kwa upande wao waliendesha boma kwa Kiswahili, na shule zao za serikali zilikuwa za kuwatoa makarani na maakida wa kuandika Kiswahili. Mwanafunzi hodari wa siku hizo aliweza kuwa mwana-elimu bila ya kukijua Kiingereza hata kidogo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka wa 1896, alisomea Kilatini na Kijerumani kwa mapadre, na alipotaka kuihifadhi dunia ya babu zake aliiandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka wa 1945. Kitabu chake hakikupigwa chapa mpaka mwaka wa 1980, tena katika tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe. Katika hesabu za Idara ya Elimu mtu wa namna hii hana pa kuandikwa.

Waingereza walipokabidhiwa nchi kwa dhamana ya Shirika la Mataifa, walipewa pia wajibu wa kutoa taarifa kila mwaka. Jambo hili ndilo lililoziunda hesabu zao. Taarifa ilipelekwa Geneva, na baada ya Vita Kuu ya Pili kwa Umoja wa Mataifa, na wasomaji wake walitaka kujua serikali imetumia fedha kiasi gani kwa elimu ya kila taifa na ni watoto wangapi waliofaidika. Hakuna aliyeuliza mtoto wa Magu au wa Sengerema aliingia shuleni na lugha gani kinywani.

Mambo mawili ya miaka ya 1920 yaliimarisha mtindo huo. Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa waraka wake juu ya elimu katika makoloni ya Afrika. Waraka huo uliihimiza serikali kushirikiana na misheni na kuzipa fedha za msaada zile shule zilizotimiza masharti. Katika mwezi wa Oktoba 1925 Gavana Cameron aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1927 ikayaweka mambo hayo katika maandishi. Tangu hapo shule ilihesabiwa kuwa shule kwa kadiri ya mwalimu wake mwenye cheti na mafunzo yaliyoidhinishwa. Zile nyumba za nyasi ambamo katekista aliwafundisha watoto kusoma kwa Kisukuma, zilizotapakaa kote Usukumani, hazikupewa msaada, wala watoto wake hawakuhesabiwa sawa na wale wengine. Hivyo basi, mahali ambapo Kisukuma kilifundishwa kwa bidii kuliko popote palikuwa ndipo palipoonekana kwa shida katika vitabu vya serikali.

Jambo la pili ni kuchaguliwa kwa Kiswahili. London ilikuwa ikisifu lugha za wenyeji, na mwaka wa 1927 Kamati ya Ushauri ilitoa waraka mwingine hasa juu ya nafasi yake. Tanganyika iliitika kwa namna yake: lugha ya wenyeji wa nchi nzima, kwa maoni ya Idara, ilikuwa Kiswahili. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1930, ikafanya kazi ya kukisanifu juu ya msingi wa Kiunguja. Kwa mtoto wa Mombasa au Bagamoyo maneno "lugha ya wenyeji" yalikuwa kweli tupu. Kwa mtoto wa Misungwi yalimaanisha kwamba lugha ya kigeni aliyokutana nayo siku ya kwanza iliandikwa kuwa ni yake. Lugha yake mwenyewe ina irabu saba ambapo Kiswahili kina tano, na haitenganishi l na r. Mwalimu aliyetoka pwani, au aliyefundishwa na mtu wa pwani, aliyasahihisha hayo kama makosa ya uzembe. Alipofika kwenye Kiingereza alikuwa akijifunza lugha ya tatu, hali daftari likimhesabu kuwa yumo katika ya pili.

Kiingereza chenyewe kiliwekwa juu ya ngazi. Shule za vijijini zilifundisha kwa Kiswahili. Kiingereza kilianza katika shule kuu za wilaya na majimbo, na baada ya vita, ulipofuatwa mpango wa miaka minne ya chini, minne ya kati na minne ya sekondari, kikakaa katika shule za kati na kuendelea. Katikati ya ngazi na ngazi palikuwapo mtihani. Kwa hiyo "mwanafunzi wa Kiingereza" alikuwa ni yule aliyesalia baada ya wenziwe kuchujwa. Jina la kumtambulisha halikuhitajiwa, maana namba ya darasa ilitosha. Mfano ujulikanao kuliko yote ni wa mtoto wa mtemi wa Wazanaki, Julius Nyerere, aliyetoka Butiama mwaka wa 1934, akiwa na miaka kama 12, kwenda shule ya Mwisenge pale Musoma, mwambaoni mwa Ziwa. Aliingia na Kizanaki. Kiswahili akakipata Mwisenge. Mwaka wa 1937 akaingia Tabora, na huko Kiingereza kikawa ndiyo lugha ya masomo. Mtu huyu baadaye alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Msomaji wa hesabu za Idara atamwona kwanza kama mmoja katika jumla ya wavulana wa shule ya utawala wa wenyeji, kisha kama mmoja katika jumla ya Tabora. Safari ya lugha tatu haimo.

Wala tusidhani kwamba watu wa Ziwa walikaa kimya. Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka wa 1928, na pamba ikawa ndiyo mali ya nchi. Mkulima aliona kwamba mizani na stakabadhi ni vya watu wa lugha nyingine; malalamiko juu ya mizani ndiyo yaliyozaa vyama vya ushirika vya miaka ya 1950, na kiongozi wao, Paul Bomani, alikwenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Kiingereza kilitakwa kwa sababu zilizo wazi. Katika hali hiyo ujumbe wa Binns ulipopita mwaka wa 1951, ukashauri kwamba Kiswahili kiondolewe shuleni taratibu mahali kisipokuwa lugha ya nyumbani, ili watoto wasome kwa lugha zao na kwa Kiingereza. Ushauri huo haukufuatwa Tanganyika, na kwa upande wa siasa ilikuwa kheri. Hata hivyo wajumbe hao walikuwa miongoni mwa wachache waliotambua kwamba mtoto wa bara anabebeshwa lugha mbili ngeni. Waliona ugonjwa, wakakosea dawa.

Kisha ikaja miaka mitano ambayo ni ya pekee. Mpaka mwisho wa mwaka wa 1961 shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu kwa Kiingereza, za Wahindi kwa Kigujarati, Kiurdu na Kiingereza, za Waafrika kwa Kiswahili. Tangu Januari 1962 serikali ya Uhuru iliziunganisha. Swali likazuka mara moja: ni nani atakayeingia shule iliyokuwa ya Wahindi au ya Wazungu, ambako masomo yote ni ya Kiingereza? Rangi haikuweza tena kutajwa mlangoni. Lugha ya kufundishia ikashika nafasi yake, na mtoto alipaswa kuwa na uwezo wa kuyafuata masomo katika lugha ya shule aliyoiomba. Hapo, kwa mara ya kwanza, Kiingereza cha mtoto mmoja mmoja kilikuwa jambo la kuulizwa na kuamuliwa. Katika mji kama Mwanza, ambako mitaa ya Wahindi ilipakana na mitaa ya Waafrika, sharti hili lilikuwa la haki kwa maneno na zito kwa vitendo: mtoto wa karani aliyesikia Kiingereza nyumbani aliweza kupita, mtoto wa mvuvi hakuweza. Lakini yafaa isemwe kwamba wakati huo tu shule ilimtazama mtoto na kuuliza anajua nini.

Mwaka wa 1967 mlango huo ulifungwa. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki somo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka wa 1977, na shule zikajaa. Wote wakawa wanafunzi wa Kiingereza, na kwa kuwa ni wote, hakuna aliyeandikwa. Sensa ya mwaka huohuo wa 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila. Kuanzia ile ya 1978 swali hilo liliachwa, kwa sababu njema za umoja wa taifa. Hivyo hata ile njia ya kubahatisha lugha ya nyumbani kwa kulitazama kabila ikapotea. Uchunguzi wa lugha ulioongozwa na Polomé na Hill, uliotolewa kitabu mwaka wa 1980, uliziba pengo kwa sehemu, kwa kuwauliza wanafunzi wenyewe. Lakini uchunguzi hufanywa mara moja, na daftari hujazwa kila mwaka.

Gharama yake ilionekana mwaka wa 1984. Tume ya Rais juu ya elimu, iliyoongozwa na Makweta, ilikuwa imependekeza mwaka wa 1982 kwamba Kiswahili kipandishwe hadi sekondari, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Criper na Dodd wakaja kupima Kiingereza cha wanafunzi kutoka shule za msingi hadi chuo kikuu. Waliona kwamba karibu asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamefika mahali ambapo kufundishwa kwa Kiingereza kungeweza kuanza. Yaani wengi walikuwa wakimaliza miaka minne ya masomo ambayo hawakuwa tayari kuyaanza. Katika miaka hiyo yote matokeo ya mitihani yalikuwa yakitangazwa shule kwa shule na mkoa kwa mkoa, na mvulana wa Geita aliyeanguka katika Jiografia aliandikwa kuwa ameanguka katika Jiografia. Pengine aliijua mito yake yote. Karatasi haikuwa na namna ya kulisema hilo.

Katika Marekani mambo yalikwenda kinyume kabisa, na kwa amri ya mahakama. Tarehe 21 Januari 1974 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua, katika shauri la Lau na Nichols, kwamba wilaya ya shule ya San Francisco iliwanyima haki watoto wapatao 1,800 wa Kichina kwa kuwaketisha katika masomo wasiyoyaelewa bila ya msaada wowote. Siku hizi mzazi huulizwa, mtoto anapoandikishwa, ni lugha gani isemwayo nyumbani. Jibu likiwa si Kiingereza, mtoto hupimwa, na sheria ya mwaka wa 2015 yataka jambo hilo litimizwe katika siku 30. Akionekana mpungufu huandikwa, hupewa mafunzo, hupimwa kila mwaka mpaka atolewe orodhani, na wilaya hutoa hesabu yake kwa jimbo na jimbo kwa serikali kuu. Utaratibu huo una madoa yake, maana jina la upungufu laweza kumganda mtoto kwa miaka mingi. Lakini mtoto wa Kikongo aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akisema Kiswahili, akihamishiwa huko ataandikwa katika mwezi wake wa kwanza. Mwenziwe aliyebaki upande huu wa bahari, akaingia sekondari ambamo vitabu vyote ni vya Kiingereza, hupata mafunzo ya awali ya lugha ya majuma machache pamoja na darasa zima, wajuao na wasiojua.

Hesabu za shule za Tanzania zimekuwa nyingi na nzuri. Mwalimu mkuu hujaza fomu zake kila mwaka, nazo hupitia wilayani. Huandikwa umri, jinsia, ulemavu, uyatima, idadi ya madawati na ya vyoo. Shule za binafsi zifundishazo kwa Kiingereza, ambazo watu huziita inglishi midiamu, huhesabiwa kando, na humo mna kitu cha ule mgawanyo wa 1962, ila kipimo cha mlangoni sasa ni ada. Mwaka wa 2009 Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikisia wasemaji wa Kisukuma kuwa zaidi ya milioni 5. Katika daftari la darasa la kwanza pale Nyamagana hakuna safu ambamo mmoja wao angeweza kuandikwa.