Mtani Asitoke Chumbani: Jicho la Mshabiki na Mbio za Ubingwa wa Ligi Kuu

Kijiweni petu Kipawa, upande wa Karakata, mazungumzo hukatika kila ndege inaposhuka kuelekea uwanja wa Julius Nyerere. Mtu hunyamaza na neno lake mdomoni. Ndege ikishapita, analitoa kama lilivyokuwa. Kwenye benchi hilo nimekaa misimu mingi ya ligi, kahawa mkono mmoja na kashata mkono wa pili. Mimi ni Simba. Nalitamka hili mwanzoni kwa sababu hoja yangu inanidai nilitamke. Nashikilia kwamba hukumu bora juu ya nani anastahili kuitwa mgombea wa ubingwa hutoka kwa wanazi wa pande mbili wanaobishana uso kwa uso, na kwamba mtu asiye na upande huja nyuma yao.

Redioni kuna kauli inayopendwa na wachambuzi wetu: “Tuweke ushabiki pembeni.” Husemwa kwa heshima, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Ndani yake mna dhana kwamba mapenzi hupofusha, na kwamba anayetaka kuona sawasawa ajitenge kwanza na anachokipenda. Nusu ya dhana hiyo ni kweli. Ushabiki humpofusha mtu kwa timu yake. Kinachosahauliwa ni kwamba ushabiki huo huo humfumbua macho kwa timu ya mtani wake. Mechi za Yanga nimezitazama kwa makini kuliko jirani yangu aliye mwanachama wa Yanga, kwa kuwa yeye hutazama kwa raha na mimi hutazama nikitafuta ufa. Najua beki yupi wa kulia huchelewa kurudi. Najua ni dakika ya ngapi kiungo wao huanza kupiga pasi za nyuma. Yeye naye anaijua Simba kwa namna hiyo hiyo, na ananiambia mambo ambayo ndugu zangu wa Simba hawatathubutu kuyasema mbele yangu.

Chukua Novemba 2023. Simba ilikuwa haijapoteza mechi ya ligi msimu ule chini ya kocha Roberto Oliveira, yule Mbrazili tuliyemwita Robertinho. Sisi tulisoma msimamo na kuona ubingwa. Watani walitazama mpira wenyewe. “Nyie mnashinda, lakini hamchezi,” mzee mmoja wa Yanga alikuwa akirudia kila jioni, na tulimjibu kwa kelele kwamba pointi ndizo zinazohesabiwa. Tarehe 5 Novemba tukakutana na Yanga, timu zikaenda mapumziko 1-1. Kipindi cha pili tukafungwa magoli manne, mechi ikaisha 5-1, na siku chache baadaye kocha akaondoka. Kauli ya mzee yule ilikuwa uchambuzi sahihi kuliko wote uliotolewa wiki ile, na ilitoka kwa mtu aliyeomba kwa Mungu tufungwe.

Kwa nini aliweza kuisema, na kwa nini mimi nilirudi kijiweni kesho yake kumsikiliza? Jibu limo katika neno lenyewe, watani wa jadi. Hatukuliokota barabarani. Utani katika jamii zetu ni taasisi. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana kutokana na safari za misafara kati ya bara na pwani. Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, kisha uadui ule ukageuka utani. Mtani ana ruhusa asiyo nayo ndugu. Msibani anaweza kumtaja marehemu kwa ubahili wake huku jamaa wamesimama na hakuna anayekasirika, kwa sababu kazi yake ni kusema yale ambayo mapenzi ya ndugu yameyafunika. Simba na Yanga wamerithi ruhusa hiyo. Maneno kama Utopolo na Makolo, Vyura na Mikia, ni makali yakisomwa na mgeni, lakini ndiyo tiketi ya kuingilia kwenye mazungumzo ambamo baadaye utaambiwa ukweli juu ya mshambuliaji wako.

Jiji hili la Dar es Salaam limezoea kujigawa mara mbili tangu zamani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma ya beni, alionyesha jinsi miji ya pwani ilivyoshindana kupitia vyama vya Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake na wafuasi wake. Tadasu Tsuruta naye ameuandika ushindani wa Simba na Yanga kama sehemu ya historia ya ukuaji wa Dar es Salaam. Yanga ilizaliwa 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa timu ambayo baadaye iliitwa Sunderland, kisha Simba kuanzia 1971. Mtu aliyekuja mjini kutoka Songea au Ujiji alizikuta pande hizo mbili zikimngoja, naye akachagua. Kabila halikumfungia mlango. Hivyo benchi la Kipawa lina Wasukuma wa Yanga na Wasukuma wa Simba, na hata nyumba moja yenye ndugu wawili wasiokaa chumba kimoja siku ya dabi.

Ili kuona wengine wanavyoamua nani agombee ubingwa, nitoke nje kidogo, niende Marekani, kwenye mpira wa miguu wa aina yao unaochezwa na vyuo vikuu. Huko, kwa miongo mingi, bingwa wa taifa alipatikana kwa kura. Kura maarufu ya waandishi wa habari ilianza 1936, mwaka ule ule ilipozaliwa Simba. Baadaye, kuanzia msimu wa 2014, kamati ya watu 13 ikapewa kazi ya kuchagua vyuo 4 vya kugombea ubingwa uwanjani, na mwaka 2024 nafasi zikaongezwa kuwa 12. Kamati hiyo iliwekewa kanuni: mjumbe anayelipwa na chuo fulani, au mwenye maslahi ya namna hiyo, hutoka chumbani chuo hicho kinapojadiliwa. Naielewa kanuni hiyo. Pale ambapo kura ya mtu inaamua nani acheze, rushwa na upendeleo lazima vifungiwe mlango. Lakini tazama kinachotokea chumbani: anayetolewa ni yule anayekijua chuo, na wanaobaki hakuna kanuni inayowataka wawe wapinzani wake wa kuzaliwa. Kijiwe cha Kipawa hakigawi nafasi ya mtu yeyote. Ligi yenyewe inaamua kwa pointi. Kwa hiyo kinaweza kumudu jambo ambalo kamati haiwezi. Mwenye maslahi abaki, na mtani wake akae mkabala naye.

Msimu wa 2024/25 ndio ninaourudia kila ninapoitetea hoja hii, ingawa ni msimu ulioniumiza. Mwanzoni mwa Novemba 2024 Yanga ilifungwa 1-0 na Azam, kisha siku chache baadaye 3-1 na Tabora United. Wananchi, yaani watu wa Yanga, walivurugikiwa. Kocha Miguel Gamondi akaondolewa, akaja Sead Ramovic, naye akaondoka Februari, akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu katika msimu mmoja! Mtu aliyeweka ushabiki pembeni angeandika kwamba mbio zimekwisha, na wako walioandika hivyo. Kijiweni, wana-Yanga ndio waliokuwa wa kwanza kulia. Sisi wa Simba tulicheka siku mbili, halafu tukanyamaza. Hofu ilikuwa imetufundisha. Tulikuwa tumewatazama misimu mitatu wakituchukulia ubingwa, tukajua kwamba Pacôme Zouzoua akiwa mzima na Clement Mzize akipata nafasi ya kukimbia, timu ile ingeshinda hata bila mtu kwenye benchi la ufundi. Niliwaambia watani Novemba ile ile: “Msitudanganye na machozi yenu, nyie bado mpo.” Waliona nawakejeli. Baada ya vipigo vile viwili hawakufungwa tena katika ligi. Walitoka sare moja tu, na JKT Tanzania.

Nao walituona vivyo hivyo. Simba ya kocha Fadlu Davids ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikashindwa na RS Berkane kwa jumla ya magoli 3-1, mechi ya marudiano ikichezwa Amaan, Zanzibar, Mei 2025. Nilivimba kwa fahari, na bado navimba. Jirani yangu hakubisha juu ya Berkane. Alihesabu sare tatu za ligi: Coastal Union, Fountain Gate, Azam. Dhidi ya Coastal tulikuwa mbele 2-0 tukamaliza 2-2. “Timu yenu ikishaona imeshinda, inaketi,” alisema. Niliichukia sentensi hiyo, na sikuweza kuijibu.

Hoja yangu ina mpaka wake, na mpaka huo ni mzito. Kijiwe chenye macho mawili hakimwoni wa tatu. Tukuyu Stars ya 1986, Coastal Union ya 1988, Mtibwa Sugar ya 1999 na 2000: hizi zote zilichukua ubingwa. Azam iliuchukua 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja, na tangu Mtibwa ndiyo timu pekee iliyouvunja uwili huu. Azam haina mtani. Ina uwanja Chamazi na ina fedha, ila haina mtu anayeamka asubuhi akiitakia mabaya, na kwa hiyo haina anayeijua. Mfano wa Feisal Salum unathibitisha jambo hili kwa upande wa pili. Alipohama Yanga kwenda Azam mwaka 2023, baada ya mvutano mrefu wa mkataba, Wananchi wa kijiweni wakaanza kuitazama Azam kila wiki, wakiwa na kinyongo. Msimu huo Feisal alifunga magoli 19, akizidiwa na Aziz Ki wa Yanga pekee aliyefunga 21. Waliokuwa wa kwanza kutuonya kwamba Azam ingetupita walikuwa hao hao wenye kinyongo. Ligi ikaisha Azam na Simba zikiwa na pointi 69 kila moja, Azam ya pili kwa tofauti ya magoli, sisi wa tatu. Kinyongo kilikuwa kimewapa jicho la tatu.

Ndiyo maana nahofia kugawanyika kwa vijiwe kuliko ninavyohofia upendeleo wa mtu mmoja mmoja. Bomoabomoa ya kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege ilizipeleka familia nyingi za Kipawa upande wa Pugu na Chanika, na benchi letu lilipoteza wazee wa Yanga waliokuwa wakituhesabia makosa. Siku hizi kuna makundi ya simu yenye rangi moja tu. Nimo katika moja la Simba. Huko kila Agosti tunakuwa mabingwa, na hakuna anayeuliza nani atacheza beki wa kati mwenzake akiumia.

Dabi iliyopangwa Machi 8, 2025 haikuchezwa. Simba ilitangaza kutocheza ikidai kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya siku iliyotangulia. Kiporo hicho kikachezwa Juni 25 na kugeuka fainali. Yanga ilikuwa na pointi 79, sisi 78. Penalti ya Pacôme, goli la Mzize, 2-0. Yanga ikamaliza na 82, ubingwa wa nne mfululizo na wa 31 kwa jumla. Katika mechi 30 tulikuwa tumepoteza mbili tu, zote mbili kwao.

Usiku ule nilipita kijiweni nikakaa. Jirani yangu alinisogezea kikombe, hakutania. Akaniambia: “Kaka, huu ubingwa hamkuupoteza leo. Mliupoteza Oktoba.” Alikuwa anazungumzia Oktoba 19, tulipojifunga dakika za mwisho na Yanga ikaondoka na 1-0. Nilichukua kijiti nikaandika chini, mchangani. Ile mechi ingebaki sare, sisi tungeingia uwanjani Juni na 79, wao na 77, na sare ingetutosha. Tungecheza mchezo mwingine kabisa. Hesabu hiyo sijaisikia redioni. Ndege ya usiku ikapita juu yetu, tukangoja, kisha akanionyesha kwa kidole mahali nilipokosea kuandika sare ya Fountain Gate.