Mali Bila Daftari

Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi walimu wa zamani tulipenda kuiandika methali hii ubaoni, na mara nyingi tuliifasiri kwa upande wa fedha, kwamba duka lisiloandika madeni hufilisika. Lakini elimu nayo ni mali, na daftari lenyewe pia hupotea. Basi, ndugu msomaji, tujiulize: daftari la elimu likisalimika, huwa limesalimika kwa mikono ya nani?

Tuchukue mfano unaotuhusu hapa Unguja. Mwezi wa Januari 1866, Daktari David Livingstone aliwasili kisiwani kwetu akakaa katika nyumba ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake, upande wa Malindi. Machi akaondoka kwenda bara, na hakurudi tena akiwa hai. Safari zake zimesomeshwa sana maskulini. Lisilosomeshwa sana ni kwamba alikuwa mtu wa daftari. Aliandika joto la hewa, mvua, urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari, mikondo ya mito na majina ya vijiji.

Mwaka 1871, akiwa Nyangwe kando ya mto Lualaba, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo, karatasi zilimwishia, na wino vilevile. Akachukua gazeti kuukuu la Kiingereza akaandika juu ya maandishi yake ya chapa, kwa kuyakata, kwa wino aliokamua katika matunda ya huko. Tarehe 15 Julai mwaka huo alishuhudia mauaji katika soko la Nyangwe, ambako mamia ya watu walikufa kwa bunduki za watu wa misafara, misafara iliyokuwa na mizizi yake huku kwetu pwani. Baadaye aliyanakili maelezo yake katika kitabu safi. Stanley alikileta kitabu hicho pwani mwaka 1872, na kwa muda mrefu dunia ilisoma habari za nakala, kwa kuwa wino wa matunda ulikuwa umefifia.

Mwaka 2011 wataalamu walizipiga picha kurasa zile kwa mianga ya namna mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa macho yetu, na maneno yakaibuka. Ikadhihirika kwamba daftari la safarini na kitabu safi havikupatana kila mahali. Hapo pana funzo kubwa kwa mwalimu wa sayansi. Nakala safi hutuambia yale ambayo mwandishi ameamua yasemwe. Daftari chafu hutuambia aliyoyaona siku ile ile. Mwanafunzi anayefuta kipimo chake cha kwanza ili kifanane na cha mwenzake ameharibu ushahidi.

Lakini ushahidi huo ungepotea porini kama si watu wengine. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Walioamua la kufanya ni watumishi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Walifungua masanduku mbele ya wote, na Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nassick huko Bara Hindi, akaandika orodha ya kila kilichomo. Tazama utaratibu huo! Hapakuwa na ofisi wala mkaguzi, lakini hesabu ya amana iliandikwa kabla ya safari kuanza.

Walibeba maiti na maandishi kwa zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika karibu na Tabora walikutana na Luteni Cameron, aliyewashauri wazike huko huko. Walikataa. Cameron akachukua vyombo vingi vya kupimia, lakini maandishi yaliendelea na safari. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na kutoka hapo mzigo ukavushwa kuja Unguja. Wapagazi wengi walilipwa ujira wao wakaachwa waende zao. Wainwright alisafiri na jeneza hadi Uingereza; Chuma na Susi walipelekwa baadaye, nao wakamsaidia Horace Waller kuyafahamu maandishi yaliyochapwa mwaka huo huo. Chuma alifia Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891. Maandishi waliyoyaokoa yanatunzwa Uskoti, katika maktaba na makumbusho, mbali na makaburi yao.

Sisemi haya ili tulilie karatasi za watu. Tunazo zetu. Pale Kilimani, katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zimehifadhiwa hati za mkono za Kiarabu zinazohusu tiba, nyota, fikihi na mashairi, na mwaka 2003 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Nyingine zimo majumbani, katika masanduku ya mabibi, chini ya kanga. Adui zake ni unyevu wa masika, mchwa, na sisi wenyewe. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka mbele ya macho yetu. Ikiwa mawe na chokaa hayakustahimili, karatasi itastahimili vipi bila mtunzaji?

Katika skuli moja niliyosomesha, wanafunzi walikuwa wakipima mvua kila asubuhi na kuiandika katika daftari kubwa. Siku moja nilinunua njugu njiani, nikaifunua ile karatasi ya kufungia, nikakuta milimita za mvua ya masika kwa mwandiko wa kitoto. Ofisi ilikuwa imesafishwa. Vipimo vya miaka kadhaa vilikwenda na njugu, na hakuna awezaye kurudi kuipima mvua iliyokwisha kunyesha.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, kama nyumbani kwenu mna sanduku la namna hiyo, lifungue siku ya kiangazi. Usipasue kitu, usitie gundi. Andika orodha ya vilivyomo, kama alivyofanya Wainwright, na useme vimetoka kwa nani na nani amevitunza. Kisha wapelekee watu wa Kilimani wavitazame. Majina ya waliotunza yaandikwe pamoja na jina la mwenye kalamu, kwani bila ya wao kalamu ile tusingeijua.